Kiti cha Mahari Kimeuzwa

Jumamosi tulimzika fundi seremala wa kwetu Kanja, na mpaka leo sijatulia, si kwa huzuni peke yake bali kwa hasira. Alikuwa mzee, ameugua, na kifo cha mzee aliyeugua mtu hujikaza akakipokea. Nisichoweza kupokea ni kwamba alikufa akiwa na wasiwasi juu ya ndoa yake mwenyewe, ndoa ya tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, kwa sababu ya kijana mmoja mwenye simu na tamaa. Jamani, leo acheni niseme.

Alipokwenda Meru kuchumbia, fundi hakuwa na mbuzi hata wa kusingizia. Baba wa msichana akamwambia, "Mbuzi utaleta polepole. Kwanza nitengenezee kiti." Akakitengeneza kwa mbao za muuru, mti ambao wauza mbao huuita mwaloni wa Meru. Kilikuwa kiti kizito cha kuegemea, na mkono wa kulia aliupanua kidogo ili mzee apate pa kuweka kikombe chake cha uji. Wazee wakakihesabu kuwa mahari, msichana akaolewa. Nyinyi wasomaji wa mbali nawaeleza: kwetu, mahari ikitoka kwa wakwe, ni kama mke amerudishwa kwao. Ndiyo maana kiti kile hakikuwahi kuondoka sebuleni kwa wakwe, hata baada ya baba mkwe kufariki.

Siku moja nilikuwa kwa fundi tukinywa chai, nikamwonyesha kwenye simu kiti kilichonivutia, kimetangazwa na duka moja la vitu vya kale Nairobi. Tangazo lilijaa sifa: cha kale, mwaloni halisi, kazi ya mkono, kinawafaa wakusanyaji wanaojua thamani, fundi hajulikani. Mzee akaishika simu kwa mikono miwili. "Mwalimu," akasema, "huu mkono mpana niliupanua mimi." Akamwita mkewe. Mama akatazama, akaketi palepale mlangoni.

Nikalipigia duka. Mwenye duka, kwa adabu zote, akasema alikinunua kihalali kwa mjukuu wa marehemu mwenye kiti. Nikamwambia fundi asiyejulikana amekaa mbele yangu anakunywa chai. Mnajua alinijibu nini? "Mzee wangu, fundi akiwa hai, wateja watasema si kitu cha kale." Ala! Kwa hiyo mtu afe kwanza ndipo kazi yake ipate heshima? Hawa ndio wanaojiita wapenzi wa utamaduni wetu, na mwenye utamaduni akipiga simu wanamwona msumbufu.

Huyo mjukuu ni mtoto wa kaka yake huyu mama. Tulipompata kwenye simu alicheka. "Anko, si ni kiti tu? Kilikuwa kimejaa vumbi. Nitakuletea cha plastiki, tena kipya." Na kweli akakileta Kanja, cheupe, kingali na nailoni ya dukani. Hata hakuelewa kwamba kiti kilitakiwa kwao Meru, si kwa mzee! Fundi hakukikalia. "Nikifa kabla kile hakijarudi," aliniambia, "nani atasema huyu mama aliolewa?" Tulimwambia, mzee, una watoto na wajukuu, nani atauliza? Hakutulia. Akatuma wazee, akatuma watu wa kanisa. Duka likasema kiti kimeshapanda ndege.

Na si kijana yule peke yake. Pita Manyatta, pita Gakoromone, utasikia watu wakiulizana nani ana kigoda cha babu, nani ana mzinga wa zamani, yuko mtu anachukua. Tumekuwa watu wa kufagia nyumba za wazee wetu kabla majivu ya jikoni hayajapoa, halafu tunaita hayo maendeleo. Maendeleo gani?

Sasa sikieni yaliyotokea mazishini. Desturi yetu, kabla jeneza halijashushwa, wakwe husimama wakasema mbele ya watu kwamba mahari iko kwao na hawana neno na marehemu. Msemaji wa wakwe alikuwa nani? Kijana yule yule, na suti nyeusi. Akashika maikrofoni, akasema bila haya, "Sisi wakwe tunasema, mahari ya mzee huyu iko."

Mama akasimama, hakushikwa na mtu. "Iko wapi?"

Kijana akageuka kuwatazama wazee wa kwao. Hakuna aliyemsaidia, mpaka mchungaji akaanzisha wimbo.

Basi nawaambia nyinyi mnaoshika funguo za nyumba za babu zenu: mkikuta kitu cha zamani, msiulize kwanza nani atakinunua. Ulizeni kililetwa kwa ajili ya nani. Huenda mtu huyo angali hai, na siku atakapowauliza mbele ya watu, hakuna duka litakalowajibia.