Wimbo Uliotangulia Kifo

Kutoka Shabunda hadi Bukavu nilitumia siku kumi na tisa. Saba za kwanza nilitembea nyuma ya wabeba mafuta ya mawese, tukivuka mito juu ya magogo na kulala katika vijiji ambamo watu waliniuliza habari za dhahabu kabla ya kuniuliza jina. Kisha nikapata lori. Likazama kwenye matope, tukalichimbua, likazama tena. Tulipopita Nyantende, wanawake walikuwa njiani na vikapu vya maharagwe, na mmoja akaninyooshea kidole, akawaambia wenzake: "Mutazame huyu, ametoka kaburini na viatu vyake." Walicheka, nami nikacheka. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na miaka miwili ya mashimo ya dhahabu ilikuwa bado kwenye kucha zangu.

Hakuna aliyenifukuza Shabunda. Miguu yangu tu haijawahi kujua kukaa.

Bukavu, katika mtaa wa Kadutu, nilielekezwa kwa mama mmoja aliyekuwa na chumba cha kupangisha, nyumba ya bati kwenye mteremko. Nami nilimwita Maman, kama majirani wote. Kabla hajanionyesha chumba aliuliza natoka wapi. Nilipomjibu, aliweka chini beseni alilokuwa amelishika.

"Bwana yangu alienda kule kuchimba, miaka ine sasa. Mutu murefu, anacheka na pua. Alibeba blanketi yangu, ya mistari nyekundu. Hukumuona?"

Nilimwona. Nilikula kwake mara nyingi. Aliishi karibu na mto pamoja na msichana wa kule, na lile blanketi nililiona likiwa limemfunika mtoto wao mchanga. Lakini nilikuwa nimechoka, nilitaka kitanda, na nilidhani nitakaa mwezi mmoja tu. Nikasema simjui.

Nilikaa miaka mitano.

Nilipata kazi Ibanda, kuandika majina ya vibarua kila asubuhi kwenye majengo yaliyokuwa yakipanda kando ya ziwa. Maman alilima lenga-lenga na kuuza sokoni, lakini watu hawakumjua kwa mboga. Walimjua kwa sababu aliimba vilioni. Mtu akifa, walimfuata yeye, na kabla ya kufungua kinywa alikaa na wenye msiba na kuwauliza. Alipenda kula nini? Alikohoa vipi akifika mlangoni? Nani alimfunga macho? Shuleni nilikuwa nimefundishwa mashairi ya Kifaransa, tunayasema mikono nyuma, macho ukutani. Nilidhani shairi ni kitu kinachotoka kwenye kitabu. Maman hakujua kusoma, naye alikuwa akilitoa kwenye sufuria ya marehemu, kwenye viatu vyake, kwenye deni la maneno aliloacha kwa mkewe.

Kazi yake ilikuwa na kanuni tatu. Mstari lazima uitikiwe: yeye anaimba, wanawake wanalichukua neno la mwisho na kulirudisha. Usipoitikiwa, umeanguka chini. Kila mfu ana wimbo wake mmoja, na unaimbwa mara moja. "Ukirudilia ni muziki tu," alisema, "kama ya kwenye baa." Na ya tatu, asiyejulikana kama amekufa haimbiwi.

Kwa hiyo aliimbia wafu wa mteremko mzima, na kwa mumewe alinyamaza. Alikwenda kila wiki mahali malori ya msituni yanaposimama, akauliza wasafiri. Mwaka wangu wa tatu, kilioni, mwanamke mmoja asiyepatana naye alisema kwa sauti ya kusikika: "Anajua kulilia ya watu. Ya kwake iko wapi? Labda iko inacheza rumba."

Maman alimaliza wimbo wa siku ile. Kesho yake mchana tulikuwa uani, tunachambua maharagwe, akaacha mikono yake ndani ya ungo.

"Wewe ulitoka kule. Kama unajua kitu, niambie, hata kama ni mubaya. Nimechoka kupika ya mutu ambaye sijui kama ana kinywa."

Ningeweza kumwambia ukweli. Niliutazama uso wake nikaona ukweli ungemwacha bila mume na bila wimbo. Kifo kingempa angalau kimoja. Nikamwambia kwamba nilimjua, kwamba alikufa kwa homa kabla sijaondoka, kwamba niliogopa kusema siku ile ya kwanza.

Hakulia. Alianza kuuliza, kama alivyowauliza wengine. Alizikwa wapi? Kando ya mto, nikasema. Kichwa kilielekea wapi? Jua linakotoka. Alifunikwa na nini?

"Blanketi yako," nikasema. "Ya mistari nyekundu."

Hapo ndipo alipolia.

Jumapili baada ya misa uani palijaa. Nimesoma mashairi mengi tangu wakati ule, katika miji mingi, na sijasikia jingine kama lile. Aliimba habari za mlango uliosahau kikohozi chake, za upande wa kitanda ambao aliupiga pasi kwa mwili wake na ambao hakuna mwingine aliyejua kuulalia. Alimwita mwizi, kwa sababu aliondoka na usingizi wa watu wawili. Alisema: ulibeba blanketi langu ili nikufunike mbali, nami nimekufunika. Wanawake wakaitikia: nimekufunika. Wanaume walitazama ukuta. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na jiko, nikijua kwamba saa ile mtu yule huenda anakula, anacheka na pua.

Baadaye Maman alinyolewa nywele, akavaa nyeusi mwaka mzima, akaivua. Hakwenda tena kwenye malori. Alinenepa kidogo. Nilianza kujiambia kwamba nilifanya vema.

Miaka miwili ikapita hivyo. Jumamosi moja ya salongo, wakati mtaa mzima ulikuwa ukisafisha mifereji na mtu wa kata akituita raia kwa Kifaransa, sitwayeni huku na sitwayeni kule, mwanamke kijana alipanda mteremko akiulizia nyumba ya Maman. Alimshika mkono mtoto mwembamba. Mgongoni alikuwa amefunga blanketi, limechakaa, lakini mistari ilionekana. Nililijua.

Maman aliliona blanketi kabla ya kuuona uso. Mgeni alipiga magoti akasema yaliyomleta: mume alikufa msimu wa mvua uliopita, na kabla ya kufa aliagiza blanketi lirudi kwa mwenyewe. Maman alilipokea, akalikunja mara nne, taratibu, akalishika kifuani. Kisha akanitazama.

"Kumbe nilimuimbia akiwa anakula."

Aliwapa maji mgeni na mtoto. Mchana watu walikusanyika, kama ilivyo desturi, wakasubiri. Maman alikaa kwenye mkeka. Wanawake wakamgusa bega. Akatikisa kichwa, akaninyooshea kidole.

"Ya kwangu ilishaisha. Huyu ndiye alimujua. Aimbe yeye."

Nilisimama. Mikono ilirudi nyuma yenyewe, kama shuleni, nikailazimisha mbele. Sauti yangu ilikuwa mbaya. Niliimba kwamba alicheka kwa pua, na pua imenyamaza. Sauti moja ikatoka mkekani, ya Maman: imenyamaza. Nikaimba kwamba aligawa muhogo wake na wageni. Na wageni, akaitika, na wengine wakamfuata. Nikafika pale nilipoogopa. Niliimba kwamba aliacha nyumba mbili, na zote zina njaa. Mgeni aliinamisha kichwa. Maman alilitazama blanketi magotini pake.

"Zina njaa," akaitika.

Basi nikaongeza mstari wa mwisho, ambao haukuwa wa marehemu. Niliimba kwamba aliyemzika akiwa hai anaomba asamehewe. Nikangoja. Hakuna aliyelichukua neno lile. Liliangukia pale uani, kati ya ungo na jiko.

Asubuhi yake nilifunga mzigo wangu. Wanawake wale wawili walikuwa wakichambua maharagwe, mtoto amelala kando yao, amefunikwa. Nilimwambia Maman kwamba nimesikia alivyoninyima jibu.

"Wimbo wa mufu hauingizi muzima," alisema. "Wewe uko muzima. Jijibu." Kisha akanipa kitu kilichofungwa kwenye jani la mgomba. "Enda, mutoto ya njia."

Lori la Uvira lilipoanza kupanda, niliyatafuta mabati ya Kadutu nikashindwa kuijua nyumba ya Maman. Ziwa lilipofichika nilifungua lile jani. Ndani mlikuwa na bugali na ndagala, samaki wadogo wa ziwani, zimekaangwa kavu, bila nyanya, pilipili nyingi. Ndivyo nilivyozipenda. Miaka mitano, sikuwahi kumwambia.