Kofia ya Mtani

Juzi hapa Somanda binamu yangu Kulwa alinionyesha kabati lake la kioo: kofia, fimbo na viatu alivyopewa na yule mchekeshaji mkongwe wa televisheni. Nilivisifu huku roho ikiniuma.

Wivu huo ulianzia Kasoli, alasiri moja yenye harufu ya pamba na vumbi, tukiwa watoto, mchekeshaji huyo alipokuja kwetu kabla hajawa maarufu. Kwa kabila alikuwa mtani wetu. Kulwa alimpokonya kofia kichwani.

"Mtani, hii yangu!"

Nilingoja apigwe.

"Chukua, mla michembe wewe!" jamaa akacheka, akitutania kwa viazi vitamu vyetu vya kukaushwa.

Sikujua kwamba utani ndio uliompa kofia. Nilidhani mtoto mwenye adabu angepewa kikubwa zaidi. Nikamsogelea, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo."

"Marahaba, mtoto mzuri," akasema, akanipita.