Vidole Vitatu Kwenye Masizi

Niliajiriwa kufagia. Naanza na hilo ili mtu asinidhanie msomi. Shule nilifika darasa la tatu, na chuoni hapo Mengo, Kampala, nilisoma Kurani mpaka nilipoolewa. Ofisi yenyewe ilikuwa ya watu wa mawe na matetemeko, nyumba ya bati juu ya kilima, na chumba cha nyuma kilikuwa na mashine waliyoiita ngoma. Bomba nene la chuma, limelala, linazunguka polepole kutwa kucha. Juu yake imeviringishwa karatasi iliyopakwa masizi kwa moshi wa taa, na sindano inakwaruza mstari mweupe ndani ya ule weusi. Ardhi ikitikisika, sindano nayo inatikisika.

Siku yangu ya kwanza niliiona ile karatasi nyeusi, nikachukua kitambaa, nikaipangusa ikang'aa. Mwalimu akaingia, akasimama mlangoni.

"Mama, umefuta Jumanne nzima."

"Ilikuwa chafu."

Alicheka mpaka akakaa. Tulimwita Mwalimu kwa sababu ndiye aliyepita shuleni kufundisha habari za milima ya moto. Alikuwa Mkenya, Mkristo, mtu mpole mwenye viatu vibovu. Tangu siku hiyo akanifundisha, nadhani ili nisimharibie tena. Kuwasha taa, kupitisha karatasi juu ya moshi isiungue, kuichovya kwenye vanishi ikishajaa ili masizi yashike, kuandika tarehe kwa nyuma. Kisha akanifundisha kusoma. Lori la jeshi likipita barabarani, sindano inachafua kidogo na kunyamaza. Tetemeko la kweli linafika mara mbili: kwanza mkwaruzo mwepesi, halafu mzito. Kadiri nafasi kati yake inavyokuwa ndefu, ndivyo tetemeko lilivyo mbali. Yeye alipima kwa rula. Mimi nilipima kwa vidole.

"Vidole vitatu ni wapi?" nilimwuliza.

Akapiga hesabu, akachora pete kwenye ramani, Kampala katikati. Pete ikapita juu ya mlima mmoja wa moto huko Zaire, ambao chini yake alikuwa ameolewa mwanangu, mtoto wangu wa pekee.

"Usiangalie hapo tu, Mama. Mashine moja inajua umbali, haijui upande. Ngoja karatasi za mashine za magharibi na kusini, uchore pete tatu. Zinapokutana ndipo penyewe."

"Kama mashahidi," nikasema. "Shahidi mmoja hafungishi ndoa."

"Hapo umenishinda."

Alisema na jambo jingine, kwa ukali ambao haukuwa wake. Ukiwatisha watu bure mara moja, siku ya kweli hawatakusikia.

Wakati huo watu walikuwa wakipungua ofisini. Wahindi wawili waliondoka na wenzao wote walipofukuzwa nchini. Karani akapotea. Mume wangu alitoka asubuhi kutafuta sukari, hakurudi. Sitaandika zaidi, kila nyumba ya wakati ule ina sentensi kama hiyo. Mwisho Wakenya wakaanza kuandamwa. Alasiri moja Mwalimu aliacha koti lake kwenye kiti ili aonekane bado yupo, akaniambia, "Mama, ngoma isisimame," akaenda kupanda basi la kwao.

Nikabaki peke yangu na ile ngoma. Mwanajeshi aliyekabidhiwa ofisi alikuja mara moja, akahesabu magari, akayachukua. Mafuta ya taa yalipoisha nilileta ya nyumbani, nikawa nakula kabla jua halijazama, kwani nyumbani hapakuwa na taa tena. Majirani walikuwa wameacha kusalimiana kwa sauti. Kuna siku neno langu la kwanza nililitamka saa nane mchana, na nililitamka kwa mashine.

Ndipo asubuhi moja nikakuta mikwaruzo. Mkubwa mmoja, na midogo mingi nyuma yake. Nikaweka vidole. Vitatu. Nikarudia. Vitatu, siku ya pili vitatu tena.

Karatasi za mashine nyingine zilikuja kwa basi, na basi lilikuja lilipotaka. Sikungoja. Nilishuka Namuwongo, wanakolala madereva Wakongo, nikampata mmoja aliyekuwa akipeleka chumvi kwao. Alikuwa akiujua mlango wa mwanangu.

"Mwambie mama yake amesema mlima unaamka. Aje na mtoto."

"Mama, ule mulima kila siku iko na moshi. Nani amekuambia?"

"Mashine."

"Ya serikali?"

"Ya serikali."

Akaacha kutabasamu.

Mwanangu aliwasili siku ya sita, mtoto mgongoni, miguu imevimba. Mumewe alibaki kulinda duka. Miaka minne sikuwa nimemwona. Sikulia, mimi si mtu wa kulia, lakini ndizi nilizomenya siku hiyo zingelisha msiba.

Kesho yake basi likaleta karatasi. Nilipima, nikachora pete ya pili, nikachora ya tatu. Zilikutana kaskazini, upande wa Sudan, mbali kabisa na mlima wa mwanangu. Lilikuwa tetemeko la kawaida la ardhi, na ile midogo ni makombo yake.

Nilikunja ramani nikarudi nyumbani. Mwanangu alikuwa kibarazani anachambua mchele.

"Leo mashine inasemaje?"

"Bado inakoroma."

Nilisema hivyo siku sita. Kila asubuhi nilikwenda, nikabadilisha karatasi isiyo na kitu, nikarudi na uongo wangu. Nyumba ilikuwa na sauti. Mtoto alinipindulia sufuria nikamgombeza, akacheka, nikamgombeza tena ili acheke. Mwanangu alinisuka nywele, akaniambia kichwa changu kimekuwa kidogo. Nilijiambia, mumewe yuko salama, duka lipo, nani ameumia?

Siku ya sita mchana, tunakula, akasema, "Mama, nawawazia majirani. Dereva alipotoa habari yako, mtaa mzima ulihamia nje, kwenye uwanja wa kanisa. Mvua inanyesha kule. Watoto walishaanza kukohoa nilipoondoka. Wanangoja neno lako."

Nilirudisha tonge kwenye sahani. Nilikuwa nimefikiri nimemwita mtu mmoja.

"Mlima haujaamka," nikasema. "Lilikuwa tetemeko la Sudan. Nilikosea, sikungoja."

"Umejua leo?"

"Siku sita."

Aliweka mkono wake pembeni ya sahani, hakuunawa. "Siku sita watoto wa watu wanalala mvuani, wewe unasukwa nywele."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ungeondoka."

Sikumwomba msamaha papo hapo. Ulimi wangu haukuzoea. Alikwenda kufunga nguo zake. Asubuhi, mtoto akiwa tayari mgongoni, alikaa tena kwenye mkeka. "Haya. Yale ya kweli unayoyajua, nipe."

Nikampa ya Mwalimu yote. Moto wa mlima ule ni mwepesi kama uji, unafuata mabonde. Kimbilia mwinuko, usikimbilie bondeni. Usirudi kuchukua chombo. Ukiona mbuzi wamekufa shimoni bila kidonda, mtoto asishuke hapo, hewa mbaya inalala chini. Chemchemi ikichemka, nyasi zikikauka mvuani, ufa ukitoa moshi, usingoje kuambiwa.

"Hata na wewe?"

"Hasa mimi."

Akacheka kidogo, kwa hasira. Nilimsindikiza hadi Namuwongo. Alipanda lori bila kugeuka, mtoto ndiye aliyenipungia mkono.

Mlima ulipasuka baadaye kweli. Niliitafuta siku hiyo kwenye karatasi yangu. Palikuwa na vikwaruzo vyepesi ambavyo ningeapa ni lori. Kama angengoja neno langu, angekufa akilingoja.

Yule dereva alikuja ofisini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nilisimama na kitambaa mkononi.

"Wako wazima," akasema upesi. "Wote watatu. Duka limekwenda. Aliona ufa unatoka moshi, akabeba mutoto, akapanda juu. Aliita na majirani."

"Wakamfuata?"

"Wamoja walimufuata. Wengine walisema, ni yale ya mama yake tena."

Nilimwuliza wangapi walibaki. Alisema hakuhesabu. Nilimpa chai, akanywa amesimama, akashuka kilimani. Mimi nikawasha taa, nikashika karatasi mpya juu ya moshi. Mwanangu alibaki huko mwinukoni alikokimbilia, yeye na mumewe, na Kampala hakuja tena.