Wiki Mbili Zinatibu Nini

"Shangazi, wiki mbili zinatibu nini?"

Aliyeuliza alikuwa mtoto wa kaka wa tabibu, binti wa darasa la tatu, aliyekuwa akining'iniza miguu kwenye benchi la zahanati akimsubiri shangazi amalize kazi. Tangu asubuhi alikuwa amewaona mzee wa mgongo, mama wa mafindofindo na kijana wa kikohozi, wote wakipewa vidonge na maneno yale yale: "Usipopata nafuu, rudi baada ya wiki mbili."

Shangazi alimwambia akanawe mikono.

Alikuwa tabibu pekee pale, na watu walimwita Wiki Mbili: kwa upendo walipopona, kwa sauti nyingine wasipopona. Barua ya rufaa ya kwenda kwa daktari bingwa haikumtoka kirahisi. Kitabu cha barua hizo alikifungia kabatini, ufunguo ukalala mfukoni mwa koti lake jeupe. Zamani, akiwa mgeni kazini, alimkimbiza mtoto hospitali kubwa kwa barua ya dharura. Bingwa akachomoa punje ya mahindi sikioni, akairudisha barua na wino mwekundu: "Hata hili?" Wenzake wakamcheka hadi mwaka ukaisha. Tangu hapo kila ugonjwa ulipewa kwanza nafasi ya kujiondokea wenyewe.

Ikapita miaka saba tangu swali la binti, jicho lake la kushoto likaanza kuingiwa na giza pembeni. Dalili alizijua: presha ya macho, ugonjwa ambao uoni ukishaliwa haurudi. Alihitaji bingwa upesi, na bingwa hapokei mtu bila barua. Kitabu anacho, ufunguo anao, ila anayeandika na anayeandikiwa hawaruhusiwi kuwa mtu mmoja. Ikabidi akapange foleni zahanati ya mtaa wa pili, akisindikizwa na yule binti, sasa msichana wa sekondari.

Kwenye benchi wakamkuta mzee wa mgongo.

"Wiki Mbili mwenyewe," alisema, akimsogelezea nafasi. "Leo unatoa au unapewa?"

"Nimefuata barua, kaka. Huku wanatoa upesi?"

"Sijui bado. Hii ndiyo wiki yangu ya nne."

Ndani, tabibu kijana alimwamkia kwa adabu, akamulika jicho kwa tochi.

"Mwanangu, hii ni presha ya macho," shangazi alisema. "Mimi ni tabibu mwenzako."

"Basi utaratibu unaujua kuliko mimi, mama. Tumia matone haya. Usipopata nafuu, rudi baada ya wiki mbili."

Kila alichotaka kusema shangazi alishakisikia akiwa upande wa pili wa meza, na alijua kinavyojibiwa. Akachukua matone, akashukuru.

Siku ya kumi na nne alifika kabla mlango haujafunguliwa, akapata barua. Bingwa aliliokoa jicho la kulia, ambalo nalo lilishaanza kuguswa. La kushoto likabaki kujua mchana na usiku tu.

"Ungewahi wiki mbili hivi," bingwa alisema, akinawa mikono, "tungebakisha kitu."

Kwenye ngazi za hospitali msichana alimshika mkono, akihesabu vidato kwa sauti ya chini. Katikati, shangazi akasimama.

"Uliwahi kuniuliza wiki mbili zinatibu nini."

"Nilikuwa mdogo, shangazi."

"Zinatibu woga wa tabibu," alisema.