Mpira wa Jenereta

Juzi nilimkuta fundi pale Nyamasaria akipangusa petroli iliyomwagika chini ya jenereta ndogo. Harufu ile ilinirudisha nyumbani kwetu Asembo Bay, alasiri ya harusi ya shangazi Akinyi.

Wageni walikuwa wamejaa uani na samaki wakikaangwa kwenye mafuta nyuma ya nyumba, mara baba akazima jenereta na muziki ukakatika. Aliwaambia watu wasogee mbali, kisha akainama kuiangalia.

"Mpira umepasuka," alimwambia mama. "Mafuta yanavuja."

Leo najua alimaanisha bomba jembamba linalopitisha petroli. Wakati ule nilijua mpira mmoja tu, ule wa kupigwa teke. Niliamini kulikuwa na mpira unaodunda ndani ya mashine, ndiyo maana ilitetemeka vile. Nilikimbia chumbani nikaleta wangu mpya, ambao hata binamu zangu sikuwaruhusu kuugusa.

"Baba, weka huu."

Baba hakucheka. "Asante, mama," aliniambia. "Huu ni mkubwa kidogo. Wacha nijaribu ule mdogo."

Akakata ncha iliyopasuka, akachomeka bomba tena, akalikaza kwa waya. Alipangusa petroli yote, akangoja ikauke, ndipo akavuta kamba. Mashine ikanguruma na muziki ukarudi.

Mama alikuwa ameshamnong'oneza shangazi habari yangu. Shangazi alikuja na gauni lake jeupe, akanishika mkono.

"Bwana harusi atangoja," alisema. "Nitaanza kucheza na huyu."

Na bwana harusi akangoja, akitupigia makofi.