Mguu wa Mdogo Wangu Ulipotea Uwanja wa Ndege

Mguu wa mdogo wangu ulipotea uwanja wa ndege.

Msicheke. Au chekeni tu, maana hata yule dada wa dawati la mizigo alicheka, tena akamwita na mwenzake aje asikie.

"Hebu rudia. Ndani ya sanduku kuna nini?"

"Mguu."

"Mguu wa nini?"

"Wa mtu. Wa bandia. Wa mdogo wangu."

"Sasa yeye kasafiri bila mguu, au mguu ndio umesafiri bila yeye?"

Wakagongeana mikono. Mimi nimesimama pale kama mlingoti, mkanda wa mizigo umeshazimwa, abiria wenzangu wote wameshaondoka na vyao. Sanduku langu la bluu halikutokea.

Ngoja niwaeleze vizuri.

Mimi nafua mashuka ya hospitali ughaibuni. Kazi ya mvuke na mgongo. Hospitali hiyo ina karakana ya viungo bandia, na fundi wake ni mzee mmoja mkali kama pilipili ila ana roho. Mdogo wangu alikuwa dereva wa malori, na mpaka leo tunamwita Dereva. Lori lilimlalia, mguu wa kulia ukakatwa juu ya goti.

Nilimbembeleza yule fundi mpaka akachoka kuniona. Vipimo vikatumwa, mguu ukatengenezwa. Ulikuwa mzuri, jamani! Una goti linalojikunja lenyewe.

Nilitaka nimkabidhi mkononi. Nione uso wake.

"Tuachie namba ya simu," dada wa dawati akasema, bado anafuta machozi ya kicheko. "Likipatikana tutalileta mpaka nyumbani."

Laini yangu ilikuwa haishiki huku. Aliyekuja kunipokea ni wifi yangu, mke wa Dereva. Nikaandika namba yake.

Nyumbani Dereva alinipokea kwa shangwe, anarukaruka na magongo yake kibarazani.

"Dada la taifa! Uko wapi mguu wangu?"

Nikamweleza. Akasema, "Mguu wa kwanza ulinikimbia, wa pili nao umeniona sifai!"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Ndivyo alivyo Dereva, akiwepo hakuna anayenuna. Mama naye alicheka. Wifi alikwenda jikoni.

Siku zikapita. Kila asubuhi namuuliza wifi kabla hajaenda saluni anakosukia watu nywele.

"Wamepiga?"

"Hawajapiga, wifi."

Anajibu huku anatazama chini. Mimi nikadhani ni aibu yake ya kawaida tu.

Dereva akaanza kubadilika. Majirani wakija kunisalimia, anawaambia mbele yangu, "Huyu hana mguu wala unyayo. Kaja mikono mitupu, akaona atunge hadithi."

Wanacheka. Nami najilazimisha kucheka, lakini yale maneno yaliniingia kama sindano. Mtu umevuja jasho juu ya mashuka ya watu, halafu ndugu yako wa tumbo moja anakuita mwongo.

Nikarudi uwanja wa ndege. Nikamkuta dada yule yule. Akabofya bofya kompyuta yake, akanitazama kama mtu aliyekuja kumchezea.

"Mama, sanduku lako lilishapelekwa. Tulipiga namba hii hii, akapokea mwanamke. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwelekeza kijana wetu wa mizigo mpaka mlangoni, akalipokea."

"Mwanamke?"

"Mwanamke. Sasa kagombaneni huko huko kwenu."

Namba ya wifi. Na kila siku anaangalia chini, hawajapiga, hawajapiga.

Nilirudi nachemka. Nikawakuta wote sebuleni. Dereva kwenye kochi, mama anashona kifungo cha shati, wifi ndiyo kwanza anavua viatu vya kazini.

"Wifi, sanduku langu liko wapi?"

"Sanduku gani, wifi?"

"Usinifanye mimi mjinga! Wamepiga simu yako, sanduku limeletwa humu ndani, akapokea mwanamke. Umemuuzia nani mguu wa mume wako?"



Dereva akasimama.

"Kumbe ni wewe," akasema.

Ile sauti sikuwahi kuisikia. Haikuwa ya yule anayetuchekesha. Ilikuwa ya chini, tulivu, ya mtu mwenye muda wa kutosha.

Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho mpaka leo kinanikosesha raha. Dereva alikuwa bado hajainua gongo, lakini wifi alishainama. Mikono juu ya kichwa, mgongo kwenye kabati, pembeni pale kwenye kona. Haraka, bila kutafuta njia. Kama mtu anayekwenda mahali pake.

Gongo likashuka begani. Hakulia. Hakusema hata "uwii."

"Muache!" mama akapiga kelele. "Muache mtoto wa watu! Sanduku nimepokea mimi!"

Tukageuka wote.

"Simu yake aliiacha hapa inachajiwa. Ikaita, nikapokea. Wakaja, nikalichukua. Yeye hajui chochote."

"Mama," nikasema, "mguu uko wapi?"

"Nimeuchoma na takataka nyuma ya nyumba. Vyuma vilivyobaki nimempa mnunuzi wa chuma chakavu."

Nikakaa sakafuni.

"Wewe uko mbali, mwanangu," akaendelea, sauti imenyooka. "Unamjua wa kwenye simu. Mimi namjua wa humu ndani. Huyu binti alikuwa akikimbilia chumbani kwangu usiku, na huyu mumewe anavunja mlango, anamburuta nywele mbele yangu. Tangu akatwe mguu, binti akiwahi kutoka nje, hamfikii. Siku ya ajali nililia kama mzazi. Kisha nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata kwa muda mrefu. Mungu anisamehe. Nawe ukataka kumrudishia mguu."

Nilimtazama Dereva nikitegemea atakataa. Atasema mama kachanganyikiwa. Hakukataa. Alikuwa anatafuta mahali pa kukaa.

Nikadhani wifi atamkumbatia mama.

Wifi aliinuka taratibu, akashika bega lake lililopigwa. Akasema, "Kwa hiyo ulikuwa unaona."

"Mwanangu..."

"Asubuhi ulikuwa unaniambia nijifunge kitambaa, wageni wasione. Ulikuwa unaniambia nivumilie, ndoa ndivyo zilivyo. Ukasubiri mpaka lori ndilo lije kunitetea?"

 

Wifi akaingia chumbani, akatoka na kifurushi kidogo. Akavaa vile viatu alivyokuwa amevivua. Hakumuaga mtu. Nilimkimbilia mpaka barabarani, nikampa pesa niliyokuwa nayo, akaipokea bila kunitazama.

Niliporudi, Dereva ameshakaa kwenye kochi, uso umerudi ule wa siku zote.

"Dada," akaniambia kwa upole, "yule fundi wako anaweza kutengeneza mwingine?"

Nikamwambia hapana. Akanitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Nilimsihi mama tuondoke wote. Akakataa. "Nikimuacha atapikiwa na nani?" Yupo naye mpaka leo. Nikimuuliza kwa simu kama yuko salama, anajibu haraka mno, kisha anabadilisha mada.

Nyinyi mnaobeba masanduku kwenda kwenu, nawaambia hivi. Usimpime ndugu yako kwa vicheko vya simu. Kabla hujamfungashia zawadi, muulize anayeishi naye, tena muulize akiwa peke yake. Na wewe unayeona, sema wakati bado kuna wa kumsaidia.

Wifi anaendelea na kazi yake, mji mwingine. Alibadilisha namba, akanitumia ile mpya, na kwetu mwenye nayo ni mimi tu.

Mama ameniomba nimpe, amwombe radhi. Ameniomba kwa machozi.

Sijampa.