Mgeni Aliyejua Anapolala Furaha

Usiponiamini shauri yako, lakini usinikatize. Mama alikuwepo, na yule mzee alilowesha sakafu yangu mchana wa jua kali, hapa hapa mtaani Bellevue.

Dada yangu Furaha alichukuliwa kutoka kambi ya wakimbizi akapelekwa Norwe; mimi na Mama tukaishia Johannesburg. Furaha alipangiwa kuishi shamba, mahali pana milima nyuma na mkono wa bahari mbele, akawa anahudumia wazee wasiojiweza. Akipiga simu, habari zake ni za hao wazee tu. Eti zamani upande wao wa maji ulikuwa na komini yake, yaani halmashauri yao wenyewe. Baadaye wakaunganishwa na watu wa ng'ambo, na juzijuzi wote wakatiwa chini ya mji ulio nyuma ya mlima, jina lao likafutwa. Wazee walinuna kama watoto walionyang'anywa mpira. Mimi nilikuwa nacheka. Ningejuaje?

Kisha kifua kikamuua Furaha, na sisi hatukuwa na njia ya kwenda kumzika.

Tulikalia kilio hapa hapa. Kwetu kilio kina sharti: mtu wa ukoo husimama akaeleza marehemu amelala wapi, mlima uko upande gani, maji upande gani, ndipo mama mzazi ainuke kwenye mkeka. Mjomba alikuwa amepiga simu ofisini kule, akatajiwa komini mpya. Akaitafuta kwenye ramani ya simu, akaona mji, akasimama akatueleza mji. Watu wakaitikia. Mama hakuinuka.

"Mutoto wangu hakukuwa anaishi mu muji," alisema.

Wiki zikapita yuko pale chini, kwenye kona ya chumba cha mbele ambacho ndicho saluni yangu. Chakula hagusi. Nilisuka nywele za watu huku namwona mama yangu anakwisha, na niliumia jamani, niliumia sana.

Jumamosi moja akaingia mzungu mzee, sweta nzito ya sufu imelowa chapachapa. Nikadhani ni chizi wa mtaani. Halafu akamwinamia Mama, akasema kwa Kiswahili cha kwetu Fizi, Kongo, na mivuto yote ya Furaha:

"Mama, balikosea. Haiko kule mu muji. Iko ku upande wetu wa zamani."

Akamwaga poda yangu ya shingoni mezani, akachora kwa kidole: mlima, maji, kivuko, kanisa dogo ufukweni. "Analala hapa. Anaangalia maji."

Mama akanyanyua uso. "Na weye, baba, unajuaje?"

Akagusa poda kando ya alama ile. "Miye ni jirani yake. Alikuwa ananivalisha soksi mpaka siku yangu ya mwisho."

Mteja wangu, binti wa Kizulu, alisema "Eish!" akatoka mbio na nywele nusu. Lugha hakuielewa, lakini alikuwa ameona kwenye kioo kwamba pale aliposimama yule mzee ni patupu. Nilipogeuka, hayupo. Nikatoka nje, barabara tupu hadi kwenye robot, zile taa za magari. Nikachovya kidole kwenye maji aliyoacha, nikaonja. Chumvi. Johannesburg bahari iko wapi?

Mama aliinuka kwenye mkeka, akalia kwa sauti, kisha akaomba uji. Baadaye binamu yetu aliyekuja kuhamia Norwe alivuka kwa kivuko, akalikuta kanisa, na Furaha, na kando yake kaburi la mzee aliyemtangulia kidogo.

Mpaka leo Mama hulala ameelekeza uso kaskazini. Na kila nikifunga saluni ananiuliza: "Na weye, siku ikifika, nitaambia batu unalala wapi?"

Kwa hiyo sikiliza, wewe mwenye ndugu mbali. Usiridhike na jina la ofisini. Wakubwa hukaa kikao wakalifuta, na aliyelala pale hana wa kumwambia. Muulize ndugu yako mlima uko wapi na maji yako wapi, angali anapokea simu.